Nilisikia "Mayli", Nikaandika "Amekubali"

Mshauri wangu mpendwa, nakujia nikiomba msaada, na kabla sijasema neno jingine nakusihi usilichapishe jina langu wala la mtaa wetu, maana Osh si mji mkubwa kama watu wanavyodhani, na ofisi yetu ina watu sita tu, na kati ya hao sita ni mmoja anayeandika muhtasari wa vikao, na huyo ni mimi.

Nina miaka ishirini na mitatu. Nilimaliza chuo kwa alama nzuri, naandika lugha nne bila makosa mengi, na tangu Septemba nimekuwa karani wa shule ya vijana inayofundisha uongozi, ambapo vijana wa huku kwetu Kirigizistani na vijana wa ng'ambo ya mpaka, Uzbekistani, hukutana mara moja kwa mwezi, hujifunza pamoja, hubishana, hula pamoja, na kila mwaka hutakiwa kufanya kazi moja ya mikono kwa ushirikiano, ili uongozi usibaki mdomoni, kama anavyosema Bi Aino, mwalimu wetu mgeni kutoka Ufini. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja. Nalitaja hili mapema kwa sababu sitaki uje kuligundua mwenyewe ukaniona mnafiki.

Kazi ya mwaka huu ni bustani ya miche mia nne ya aprikoti. Vijana wanane wanatoka kijiji cha Kok-Bulak, upande wetu, na wanane wanatoka Tutzor, upande wa pili, na vijiji hivi viwili vinakunywa mfereji mmoja, Kok-Bulak juu na Tutzor chini, na vimekuwa vikitupiana maneno kuhusu maji tangu kabla babu zetu hawajaota ndevu. Ndiyo maana Novemba wote walikubaliana bustani iwe Tutzor, kwa wale ambao maji huwafikia mwisho, na siku hiyo walikubaliana kweli, kwa kelele na vicheko, hata mimi niliyekuwa nikiandika nilicheka. Kiongozi wa kundi la Tutzor, binti wa miaka kumi na minane aitwaye Zulhumor, alirudi kwao, akamwomba bibi yake kipande chake cha shamba la vitunguu, na yeye na wenzake wakachimba mashimo mia nne kabla ardhi haijaganda.

Sasa nifike kwenye kikao cha Februari, ambacho nakifikiria ninapoamka na ninapolala.

Mkurugenzi wetu ni Gulsun-eje. Wewe unajua, mshauri, kwamba "eje", yaani dada mkubwa, tunamwita kila mwanamke aliyetuzidi umri bila kumaanisha kitu, lakini yeye tunamaanisha, kwa kuwa ametusomesha wengi na ana mkono wazi. Siku ile alileta hoja kwamba miche ipandwe Kok-Bulak badala ya Tutzor, kwa sababu siku ya uzinduzi watakuja wageni wa nchi tano, na basi lao likipita mpakani litakaa saa tatu likikaguliwa, na ni sababu ya maana, sisemi si ya maana. Meza ilikuwa imeandaliwa kama kawaida, mikate imemegwa, chai imemiminwa, na mbele ya Bi Aino ilikuwepo saa yake ndogo ya jikoni, ile inayolia, kwa sababu amepanga kila hoja ipewe dakika kumi.

"Zulhumor, binti yangu," Gulsun-eje akasema, akimsogezea kibakuli cha chai, "tuipande Kok-Bulak, wageni wafike bila taabu. Unaonaje? Mmekubali?"

Zulhumor akatazama kitambaa cha meza. Akamega kipande kidogo cha mkate, hakukila, akakirudisha mahali pake, akasema, "Mayli."

Mshauri, wewe ni mtu wa bonde hili, huhitaji kuelezwa, lakini naeleza ili nione kama nitajielewa mwenyewe. "Mayli" yaweza kuwa "nimekubali kwa moyo mmoja", na yaweza kuwa "haya, yaishe", na yaweza kuwa "haya bwana, nimesikia, tutaonana". Waijua ipi ni ipi kwa sauti na macho, na kwa mkate ulioliwa au uliorudishwa. Tena kwetu jambo zito haliulizwi mara moja. Mgeni akikaribishwa chai mara ya kwanza hukataa, ya pili hushika kifua, ya tatu ndipo hunywa, na binti aliyeketi katika meza ya mwanamke aliyemzidi miaka thelathini, nje ya nchi yake, mkate ukiwa umemegwa mbele yake, hawezi kusema "hapana" usoni, husema "mayli" kisha hungoja kuulizwa tena.

Hakuulizwa tena. Saa ililia.

Bi Aino aliniegemea, kwa maana mimi pia ndiye mkalimani wake, akaniuliza taratibu, "Amesemaje?"

Nikamwambia, "Amekubali."

"Safi sana," akasema Bi Aino, na alifurahi kwa dhati, mama wa watu. "Hivyo ndivyo kiongozi anavyojibu. Neno moja."

Fomu ya muhtasari, ambayo ameitunga yeye, ina visanduku viwili kwa kila hoja, "wamekubali" na "wamekataa". Nikatia alama ya vema kwenye cha kwanza, na chini yake nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, "Kundi la Tutzor limekubali kwa kauli moja." Mlangoni tulipokuwa tunavaa makoti, Kubanych, kiongozi wa kundi la Kok-Bulak, yaani yule ambaye ndiye aliyefaidika, aliniegemea begani akasema, "Karani, pale umeandika nini? Maana mayli ile ilikuwa baridi kuliko chai yangu." Nikamjibu, "Vaa kofia, kuna upepo." Hilo ndilo jibu nililompa, mshauri, na mimi nimesoma.

Machi kundi la Tutzor halikuja, na kikao kikaahirishwa. Zulhumor alituma ujumbe wa maneno matatu, "Tuna kazi nyumbani." Tulisikia kwamba watoto wa kijijini kwao wanaruka yale mashimo matupu na wameyaita makaburi ya viongozi. Gulsun-eje aliumia, na akiumia hukasirika. "Walikubali mbele yetu sote," akasema. "Kijana anayekubali mezani na kuvunja nyumbani, mimi namfundisha uongozi gani?" Kanuni ya shule inasema kundi linalovunja makubaliano yaliyoandikwa huondolewa, na likiondolewa Tutzor, vijana wanane wanakosa cheti, na Zulhumor anakosa nafasi yake ya kwenda kusoma Ufini majira ya joto, nafasi aliyoishindania miaka miwili. Uamuzi utatolewa kwenye kikao cha Alhamisi ya wiki ijayo. Ushahidi uliopo ni karatasi moja, na mwandiko ni wangu.

Nilimpigia simu.

"Alo, kaka mwandishi," akasema.

"Zulhumor, wanataka kuwaondoa. Mbona hukusema hapana?"

"Kaka, ulikuwepo."

"Ulisema mayli."

"Nilisema. Na wewe ulisikia nini?"

Nikasikia kuku wa kwao na mtu akichota maji. Kisha akasema, "Mayli, kaka, simu inaisha chaji," akakata. Na mpaka leo sijui hiyo mayli ya mwisho ilikuwa ipi, kama ni ya kunisamehe au ya kunifuta.

Basi nikajikaza nikaingia ofisini kwa Gulsun-eje, nikamwambia pengine muhtasari wa Februari ungehitaji kuangaliwa, nikasema "pengine" mara nyingi mno, naye akanitazama kwa upole akasema, "Mwanangu, muhtasari ni kama mkate uliotoka tanuri. Huwezi kuurudisha ukawa unga. Tena una habari? Bi Aino ameupenda mno ule wa Februari, anataka shule zenzetu za nchi nyingine ziuchukue kuwa mfano. Nimempendekezea upewe mkataba wa kudumu." Nikasema asante. Nikatoka. Dereva wetu Toktosun, ambaye husikia kila kitu kupitia ukuta, akacheka akaniambia, "Karani hafi kwa kuandika, ndugu yangu. Hufa kwa kufuta." Nyumbani nikamuuliza mama, aliyekuwa akikanda unga, itakuwaje nikifukuzwa kazi, naye bila kuinua macho akasema, "Mayli, mwanangu," akaendelea kukanda, na sikuthubutu kumuuliza ya namna gani.

Sasa sielewi chochote. Sielewi kama nilikosea au nilidanganya, kwa sababu neno alilisema, na kazi ya karani ni kuandika linalosemwa, si linalofikiriwa, na nikianza kuandika ninavyodhani watu wanahisi nani ataniamini tena, lakini pia nilijua, lakini pia kila mtu mezani alijua isipokuwa Bi Aino na hakuna aliyesema, kwa nini basi niseme mimi niliye mdogo kuliko wote kwa cheo, lakini pia mimi ndiye ninayelipwa kwa kusikia. Tunawafundisha vijana hawa kuwajibika. Niliupiga chapa mwenyewe ukurasa wa kitabu chao usemao kiongozi hukiri kosa lake mapema. Niliurekebisha hata koma.

Nikisema, namwaibisha mwanamke aliyenishika mkono, mbele ya mgeni. Nikinyamaza, nawazika wanane. Nifanye nini, mshauri? Au niache kazi kimya kimya kabla ya Alhamisi, niseme ninaumwa?

Ni mimi,
Mwenye Kalamu Nzito, Osh

*

SALTANAT-EJE ANAJIBU

Mwanangu mwenye kalamu, barua yako ilinifikia Ijumaa, na kwa kuwa kikao chenu ni Alhamisi nimeitanguliza mbele ya barua tatu za wakwe, ambao wamegombana miaka kumi na hawatashindwa kungoja wiki moja.

Pole. Nasema pole kwanza kwa sababu nitakugombeza, na sitaki usahau kwamba nilianza hivyo. Mtu asiyekuwa na dhamira hasumbuki kiasi hiki. Angekuwa ameshausaini mkataba wa kudumu na anachagua koti jipya.

Sasa tuliza "lakini" zako, zimenichosha macho. Unaniuliza kama ulikosea au ulidanganya. Ulipotia ile alama, saa ikilia na mgeni akikuegemea, ulikosea. Mimi nilikuwa katibu wa baraza la kijiji miaka kumi na tisa, na siku moja niliandika "wazee wameridhia" kwa sababu tu wazee walikuwa kimya, na walikuwa kimya kwa sababu walikuwa wanatafuna. Daraja likajengwa mahali ambapo hapiti mtu. Mbuzi hulala chini yake mpaka leo, na watu wanaliita kwa jina langu, wala si kwa heshima. Kwa hiyo kosa nalijua, na kosa nalisamehe. Lakini tangu Kubanych alipokuuliza mlangoni, nawe ukamwambia avae kofia, limekuwa kitu kingine, na jina lake unalijua, maana uliliandika mwenyewe katika swali lako.

Na usinijie na hadithi kwamba karani huandika linalosemwa. Zulhumor alisema "mayli". Mbona hukuandika "mayli"? Ungekuwa kalamu tupu kama unavyojitetea, neno hilo lingekuwa pale kwenye karatasi, na Bi Aino angeuliza ni nini, na mngemweleza, na binti angeulizwa tena. Wewe ulilitafsiri, ukachagua tafsiri inayoingia kwenye kisanduku. Kwa hiyo ulishaanza kuandika unavyodhani watu wanahisi. Ila ulidhani kwa niaba ya mwenye nguvu.

Hauko peke yako katika lawama, na hilo nalisema kwa sauti ili waliokuwepo wasome. Gulsun-eje ni mama wa watu wazima waliofaulu, sasa tangu lini mwanamke wa bonde hili akamkaribisha mgeni mara moja tu na kuridhika? Au adabu yetu huwekwa pembeni saa ya jikoni ikiwekwa mezani? Bi Aino yeye namwonea huruma. Amefunga safari kutoka kwenye theluji kuja kufundisha na kujifunza, na katika chumba kizima hakupatikana wa kumfundisha neno moja ambalo kila mtoto wa Osh analijua kabla hajaota meno yote. Mlimwachia mgeni ujinga wake, kisha mkajificha nyuma yake. Huo ndio ushirikiano wa mataifa? Naye Zulhumor, akisoma hapa, ajue nampenda, ila huko Ufini hakuna atakayemuuliza mara tatu. Ajifunze kusema "hapana, eje" huku ameshika kifua. Neno hilo haliui. Nimejaribu.

Haya, cha kufanya. Leo, kabla hujala, chukua karatasi safi uandike ulichokiona: neno alilosema, macho yalikokuwa, mkate ulivyorudishwa, saa ilivyolia. Usitie maoni wala "pengine". Weka tarehe na saini.

Jumamosi chukua pasipoti yako uvuke mpaka. Usipige simu. Mambo ya namna hii hayasemwi kwenye simu inayoisha chaji, na wewe ulishaona. Nenda na mikate miwili ya nyumbani kwenu, msalimie bibi kwanza, yule aliyetoa kipande chake cha vitunguu, kisha uyaangalie hayo mashimo kwa macho yako. Halafu muulize Zulhumor alimaanisha nini. Muulize kama kwetu tunavyouliza, kwa utulivu, ukiwa umekaa chini.

Jumatatu asubuhi ingia kwa Gulsun-eje na karatasi yako. Sharti umwambie yeye kwanza, usije ukamlipukia kikaoni mbele ya mgeni, maana huko kutakuwa kulipiza kisasi, nawe huna kisasi naye. Akikwambia tena habari za mkate na unga, mwambie hivi: "Ni kweli, eje, mkate ulioungua haurudi unga. Lakini wewe hujawahi kumpa mgeni mkate ulioungua." Kisha nyamaza, umwache afikiri. Mwanamke uliyenieleza habari zake anaweza kukasirika mpaka mchana. Sidhani kama atafika jioni.

Akikukatalia hata hivyo, bado unayo Alhamisi, nawe umesahau kazi yako mwenyewe kwa woga. Hakuna kikao kinachoanza kabla muhtasari wa kikao kilichopita haujasomwa na kuthibitishwa. Nani husoma? Karani. Mpaka siku hiyo karatasi yako ya Februari ni maneno ya mtu mmoja tu. Basi simama, usome mpaka hoja ya miche, useme: "Hapa pana kosa, na ni langu. Neno lililosemwa ni 'mayli'. Naomba liandikwe hivyo, na kundi la Tutzor liulizwe upya." Maneno hayo hayafiki nusu dakika. Saa ya Bi Aino haitalia.

Pengine miche itapandwa Kok-Bulak hata hivyo. Sababu ya basi ina mantiki yake, na viongozi wazuri huweza kushindwa hoja. Lakini watakuwa wameshindwa hoja, hawatakuwa wameandikiwa ushindi wa wengine.

Kazi yako? Sitakudanganya, huenda ukaipoteza, na mkataba wa kudumu huo uuhesabu umekwenda. Kusema unaumwa usithubutu. Ugonjwa wako utapona Ijumaa, na wale wanane watakuwa wameshaondolewa. Na mama yako, kijana wangu, aliposema "mayli" huku anakanda, alimaanisha mikate itaendelea kuokwa nyumbani kwenu. Nawajua mama wa namna hiyo. Kama huniamini, yuko jikoni hapo, kamuulize tena.

La mwisho ni la Jumamosi. Utakapomuuliza Zulhumor, anaweza kutazama chini, akamega kipande cha ule mkate uliomletea, akakuambia, "Mayli, kaka." Usiandike chochote. Muulize mara ya pili. Na kabla ya kumuuliza ya tatu, hiyo kalamu itie mfukoni, umwangalie kama ule mkate anaula.